Kisu Mdomoni

Mume wa mama huyu alikuwa fundi wa kuchinja nguruwe, na fundi huyo alikuwa na tabia moja iliyomtia mkewe kinyaa kuliko zote. Akihitaji mikono miwili, kisu alikibana kwa meno. Kisu kilekile kilichotoka tumboni mwa mnyama, kinachuruzika damu na maji ya utumbo! Ptuu! Miaka kumi na miwili ya ndoa, na mama wa watu hajazoea.

Asubuhi moja mume akaletewa nguruwe asiyejiweza. Alilala ubavu sakafuni, miguu inapiga hewa, macho yanamcheza, makamasi yanamtiririka.

"Baba watoto, huyu anaumwa. Mwite kwanza daktari wa mifugo."

"Aje aseme tuzike? Nyama yote hii? Nina wazimu?"

"Basi hicho kisu usikitie mdomoni. Fizi zenyewe zinakutoka damu."

"Wewe nawe umezidi! Tangu nianze kazi hii, umeniona nikiugua hata mafua?"

Akachinja. Kifua kilipopasuliwa, uvundo ukapanda hadi kooni. Moyo wa nguruwe ulikuwa umevikwa usaha mzito wa manjano. Mkewe akageukia ukutani akatapika chai yote ya asubuhi. Alipogeuka tena, mume alikuwa anavuta matumbo kwa mikono miwili, kisu mdomoni, anamcheka kwa macho.

Loo, mkewe alimchukia! Akachukua dumu la mafuta ya taa akaimwagia nyama yote, asije mtoto wa mtu akalishwa uchafu ule. Mume akafoka mpaka mishipa ikamtoka shingoni.

Kesho yake kichwa kilimgonga mume, mwanga hautaki, shingo imekakamaa. Jioni akaanza kuweweseka. Hospitalini wakampima maji ya uti wa mgongo.

"Ni bakteria wa nguruwe," daktari alisema. "Wameingia kwenye damu, wakafika kwenye utando wa ubongo. Ana jeraha lolote?"

Mkewe akaonyesha mdomo.

Siku ya tano homa ikashuka, akafumbua macho. Mkewe machozi yakamtoka, na matusi nayo yakafuata: mchafu we, mbishi we, ulitaka kuniachia watoto peke yangu!

Mume akamtazama, akakunja uso.

"Mbona unachezesha midomo tu? Sema, mke wangu."

Mkewe akapiga ukelele hata wagonjwa wa mwisho wa wodi wakaketi vitandani. Mumewe alikuwa bado anamngoja aseme.