Kaseti ya Njano

Zefania alipovuka ziwa kwenda Kalemie aliacha godoro, akaacha baiskeli, akaacha na mchumba ambaye mpaka leo akiniona sokoni anageuza shingo. Alichobeba ni kaseti ya gemu. Ya njano, inayoenea kiganjani, karatasi yake ya picha imebanduka upande mmoja kwa sababu niliwahi kuing'ata tukigombana. Nilipoinama chini ya kitanda chake nikakuta kopo alimoitunzia ni tupu, nikapandwa na hasira, na hasira ile sikuiacha ipoe. Niliilea.

Watu wanasema ni jambo dogo. Waseme. Wao hawakulelewa na mama Eufrasia wa Bangwe.

Gemu lile baba alilinunua kwa mchuuzi mmoja wa Ujiji aliyekuwa akileta vitu kutoka Bujumbura. Wiki ya kwanza tulipigana mpaka nikatoka na nundu. Mama akatuita wote wawili, akatoa hukumu yake mikono ikiwa bado inanuka dagaa: mashine na pedi zitunzwe na mimi, kaseti itunzwe na kaka yangu. Bila yeye sina cha kuchomeka. Bila mimi hana pa kuchomekea.

"Mkigombana, kila mtu akalale na chake," alisema, akarudi kuanika dagaa.

Hukumu hiyo haikufutwa kamwe. Tumekua nayo, tukaota ndevu na matiti nayo. Ndiyo maana Zefania alipoondoka na kaseti nilijua ameondoka na nini. Mashine ilibaki kwangu, nikaolewa nayo Katubuka, nikafungua saluni, mashine iko kabatini imeviringishwa kwenye kanga. Mume wangu aliwahi kuuliza kwa nini tusimpe mtu wa vyuma chakavu. Hakuuliza tena.

Na hata tulipopatana, gemu lilikuwa na msimu wake. Nyumba yetu ya Bangwe wakati ule haikuwa na umeme. Betri ilikuwepo, lakini ilikuwa ya kazi. Baba, Mzee Pastory, alikuwa miongoni mwa wa kwanza pale mtaani kuacha karabai na kuvua dagaa kwa taa za betri. Dagaa wanaifuata taa kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linang'aa, dagaa hawana haja na taa ya mtu, basi mitumbwi inavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, wanaume wanalala usingizi wa deni na betri zinarudi nyumbani. Watoto wengine walihesabu siku kwa Krismasi na Idi. Sisi tulihesabu kwa mbalamwezi.

Baba alikuwa anakuja na betri begani, gunia limekunjwa chini yake ili maji ya betri yasile shati. Anaitua taratibu kando ya TV ya chogo, anaunyoosha mgongo, anasema, "Haya. Mbalamwezi imefika." Hapo mimi nimeshakimbilia pedi na Zefania ameshakimbilia kopo lake. Tulikuwa tunafunga madirisha mchana kweupe ili picha ionekane. Kulikuwa na vijana wawili wanaoruka mashimo na kupanda ngazi kuelekea kwenye ngome, mmoja mwekundu na mmoja wa bluu kwa mujibu wa picha ya kwenye kaseti. TV yetu ilikuwa nyeusi na nyeupe. Lakini mwekundu alikuwa wangu, na ole wake aliyebisha.

Betri ikianza kuchoka, picha ilisinyaa kutoka pembeni, wale vijana wakabaki wanaruka kwenye kadirisha kadogo katikati ya giza. Na ikiwa haijachoka, basi mwezi ulikuwa umeshapungua, baba anasimama mlangoni na gunia lake mkononi. "Betri ina kazi yake," anasema. Hakuwa anasema kwa ukali. Anachomoa waya, TV inazima, tunabaki tunaangalia sura zetu kwenye kioo.

Kwenye ngome tulifika mara nyingi. Kulikuwa na mlango wa chuma. Nyuma ya mlango hatukuwahi kujua kuna nini, kwa sababu gemu lile halikuwa na kumbukumbu: ukizima, mwezi ujao unaanza upya kutoka shimo la kwanza.

Nayasema haya yote ili mnielewe kuhusu mwaka huu.

Baba alifariki mwaka juzi. Zefania hakuja. Alikuwa kambi ya wavuvi huko upande wa Kongo, mahali ambapo simu ni ya kuangalia saa tu, na habari ilipomfikia tulikuwa tumeshazika na kuanua matanga. Alipiga simu akalia, mtandao unakatakata, mimi nasikia nusu ya kilio. Nilielewa. Kuelewa hakukunisaidia kitu. Nilisimama kaburini peke yangu na mama, mtoto mmoja badala ya wawili, na nilimkasirikia kaka yangu kwa moyo wote.

Basi mwaka huu ziwa lilipofungwa ili samaki wapumzike, marufuku ya pande zote, Zefania akakosa kazi huko na akarudi Bangwe. Amenenepa kidogo. Kiswahili chake kimeingia mlio wa ng'ambo. Ana mke, anaitwa Diana, mjamzito, amemwacha Kalemie kwa mama yake. Mimi nikawa nashuka Bangwe kila nipatapo nafasi, nakaa naye barazani, tunaongea bei za mafuta. Bei za mafuta! Mtu niliyegawana naye surua.

Nilitaka kaseti yangu. Nilitaka na ndugu yangu, lakini kaseti ndiyo niliyoweza kuitaja. Na hata hiyo sikuitaja.

"Mwambie," mama alinisukuma siku moja tukiwa jikoni. "Au umekuja kuvuta moshi wangu tu hapa?"

"Nitamwambia mbalamwezi ikifika, mama."

Aliacha mwiko ndani ya ugali akanigeukia. "Elida. Ziwa limefungwa. Betri za Bangwe nzima zimelala. Na umeme si huo ukutani, nalipia kila mwezi? Unasubiri mwezi wa nini?"

Nina mtoto shuleni, nina leseni ya biashara, na bado kichwani mwangu gemu lilikuwa ni kitu cha mbalamwezi. Kumwambia Zefania tucheze mwezi ukiwa mchanga ilikuwa kama kumwambia tule futari asubuhi. Nikajipangia: mwezi ukijaa nitakuja na mashine, nitamwomba kaseti, na kama hana, nitajua kwamba sina kaka. Mwezi ulikuwa kama kucha. Nikawa nauangalia kila jioni nikifunga saluni, nauona unavyojivuta kwa uvivu.

Haukufika hata nusu. Mama alinipigia simu asubuhi, mimi nina kichwa cha mteja mkononi. Diana alikuwa amejifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kiume, mdogo sana, yuko hospitali lakini anapumua vizuri. Zefania amepata nafasi kwenye boti inayotoka Kibirizi alasiri hiyo.

Mteja wangu Recho nilimwacha amesukwa upande mmoja. Mungu ambariki, alisema nenda. Nilichukua mashine kabatini na kanga yake, nikapanda bodaboda, na njia nzima nilikuwa najitukana. Alikuwa hapa wiki zote hizo. Alikuwa hapa, barazani, mikono mitupu, nami naongea naye bei za mafuta huku nikisubiri mwezi.

Nilimkuta chumbani anafunga begi. Nikasimama mlangoni, jasho linanitoka, na badala ya kumpongeza kwa mtoto nikasema, "Nimekuja kuchukua kaseti yangu."

Hakucheka. Hakuuliza kaseti gani. Alifungua tena begi alilokuwa ameshalifunga, akazamisha mkono mpaka kwapani, akatoa soksi nene iliyofungwa fundo. Akaifungua kwa meno. Ilikuwa njano kama jana, na pale nilipong'ata pameng'atwa.

"Nilikuja nayo," alisema. "Nilikuwa nasubiri mbalamwezi."

Nilikaa chini sakafuni pale pale nikalia. Sina aibu kusema. Nililia kwa sauti mpaka mama akaja mbio akidhani mtoto amekufa. Alipoona kaseti mkononi mwa Zefania na mashine mapajani mwangu, alipiga makofi ya mshangao.

"Yaani na wewe pia? Wote wawili mnasubiri mwezi? Baba yenu kawaharibu!"

"Boti saa ngapi?" nikauliza.

"Bado bado," alisema Zefania, na akatoka nje.

Mama alitoa kitambaa cha kufuma juu ya TV ya chogo, ambayo hajaiwasha tangu aliponunuliwa ile bapa ya ukutani. Nilipangusa vumbi, nikaunganisha pedi, nikawa natafuta kwa macho waya wa kuchomeka ukutani. Ndipo kivuli kikaingia mlangoni.

Zefania alikuwa na betri begani. Amekwenda kuiazima kwa Martini, jirani, ambaye mtumbwi wake umefunikwa turubai tangu ziwa lifungwe. Amekunja gunia akaliweka chini ya betri. Anatembea ameinama upande mmoja, mkono mwingine umetangulia kutafuta ukingo wa mlango, na pumzi zake zinatoka kwa mkupuo. Aliitua taratibu kando ya TV. Akaunyoosha mgongo.

"Haya," alisema, na hakumalizia.

Mama alishika kiti akakaa. Umeme ulikuwepo ukutani, hatua moja tu, na hakuna aliyeutaja.

Tulifunga madirisha. Kabla kaseti haijaingia nilipuliza ndani yake, kama inavyopaswa, na ile sauti nyembamba ya kuanzia ikalia. Vidole vyangu vilikumbuka kabla yangu. Vijana wale wawili walitokea, wadogo kuliko nilivyowakumbuka, na Zefania akasema bila kunitazama, "Mwekundu wako." Tukaruka. Akatumbukia shimo la pili kama alivyokuwa akitumbukia siku zote. Nilimcheka, akanipiga kiwiko. Tulipofika kwenye ngazi alikuwa ameishiwa roho za kuchezea.

"Elida, nipe roho moja."

"Omba vizuri."

"Dada yangu mpenzi, malkia wa Katubuka, naomba roho."

Nikampa. Mama nyuma yetu alikuwa anatuelekeza, "Ruka! Ruka wewe!" Nilikuwa na furaha ya kunitosha kifua kizima, na ndani ya furaha hiyo kulikuwa na kitu kingine, sikukijua mpaka tulipofika kwenye ngome.

Mlango wa chuma ule pale. Picha haijasinyaa hata kidogo, betri ya Martini imejaa. Tukasimama, mwekundu na bluu, na sote wawili, bila kupanga, tukageuza vichwa kuangalia mlango wa sebuleni.

Hakuna aliyekuja kuchukua betri.

Nilimuogesha baba akiumwa, nilimzika, nilivaa nguo nyeusi. Lakini kwamba baba amekufa niliamini pale, pedi mkononi, gemu linatusubiri na mlangoni hakuna mtu. Zefania alikuwa ameweka pedi chini. Machozi yalikuwa yanamtiririka kidevuni na hakuyapangusa. Kilio kile nilichokisikia nusu kwenye simu, nilikiona chote.

"Tumalizie?" aliniuliza. "Ni mlango tu umebaki."

Niliweka pedi yangu chini kando ya yake. Ndipo mama akainuka. Alipita katikati yetu kwa goti lake bovu, akainama kwenye betri.

"Haya," alisema. "Betri ina kazi yake."

Akachomoa. Kioo kikawa cheusi, na ndani yake tukajiona watatu.

Zefania aliirudisha betri kwa Martini. Aliporudi, bodaboda ya kumpeleka Kibirizi ilikuwa inapiga honi nje. Nilichomoa kaseti kwenye mashine. Ilikuwa na joto. Nikaitia ndani ya soksi, nikaifunga fundo, nikaisukuma chini kabisa ya begi lake, chini ya kanga alizomnunulia Diana.

"Si ulikuja kuichukua?" alisema.

"Ni yangu. Kaa nayo."

Alilivuta begi karibu. Kisha akazungusha zipu ya begi mpaka mwisho na kulijaribu kama limefungika.

Mama na mimi tulisimama mbele ya nyumba mpaka vumbi la pikipiki likatua. Mashine nilikuwa nayo kwapani ndani ya kanga yake, waya wa pedi unaning'inia. Juu ya ziwa, jua likiwa bado liko, mwezi ulikuwa umeshatoka, mwembamba, hauna faida kwa mtu.

"Kasema atarudi lini?" mama aliuliza.

"Mbalamwezi," nikamwambia.

"Ego," mama aliitikia kwa Kiha, akaingia ndani. Hakuuliza ya mwezi gani.