Rimu Mbili za Kushoto

Posa ya binti ilipokubaliwa, na wakwe wakawaalika kwa chakula cha mchana, mama yake hakuwaza gauni wala zawadi. Aliwaza rimu za gari la mumewe. Ndivyo alivyo mama huyu: aibu huiona ikiwa bado njiani, akaenda kuipokea.

Na tuseme ukweli, rimu zile zilitia aibu. Zilikuwa za aluminiamu, zimekwanguliwa na kingo za barabara miaka mingi, rangi inabanduka magamba, na palipobanduka pameota ukungu mweupe. Wakwe walikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na nyumba ya ghorofa. Mama aliwaona kabisa, hata kabla hajafika, wanatazama rimu, kisha wanamtazama bintiye, na tangu hapo mtoto wa watu anachukuliwa kama aliyeokotwa. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Mpya hawakuziweza. Mumewe, fundi wa vyerehani, mtu wa maneno machache, alisema atazikarabati mwenyewe uani. Puti aliomba kwa fundi magari wa jirani, msasa alikuwa nao, na akanunua kopo moja la rangi ya fedha ya kupuliza. Kopo moja, alieleza, linatosha rimu nne ukipuliza nyembamba.

Basi baba na binti wakaingia kazini. Walifungua magurudumu ya kushoto kwanza, gari likakalia matofali. Wakaziosha rimu kwa sabuni, wakasugua kwa msasa, wakaziba makovu kwa puti, wakasugua tena kwa msasa laini na maji mpaka kucha za binti zikalika. Kisha baba akaleta karata zake, akapunguza upepo kwenye tairi, akazichomeka moja moja kuzunguka rimu yote ili rangi isiguse mpira. Binti akamtania kwamba wenzake wa jioni watamfukuza mchezoni. Baba akacheka, akaanza kupuliza kwa mkono mwepesi.

Hapo mama akatoka jikoni. Alichutama, akakunja uso, akasema bado anaona alama. Baba akapuliza tena. Akaambiwa aongeze pale kwenye kingo, akaongeza. Alijua kabisa kopo linaelekea wapi, lakini ni mtu anayependa amani ya nyumba yake. Rimu ya pili ilipokuja kung'aa kama sufuria ya dukani, kopo lilikuwa linatoa pumzi tu.

Mama hakuhangaika. Akasema hizo mbili zirudi kushoto, na wakifika kwa wakwe gari liegeshwe ubavu huo ukitazama baraza. Nani mwenye adabu atazunguka gari la mgeni kukagua upande wa pili?

Na kweli, siku yenyewe mambo yalikwenda vizuri. Mama mkwe alimshika binti mkono tangu mlangoni, akamketisha karibu naye. Baba mkwe, mtu wa mizaha mwenye sauti ya kujaza nyumba, alilisifia gari kwamba limetunzwa. Mama akala akashiba.

Alichosahau ni kwamba gari likiingia hutoka. Wakati wa kuaga, wakwe wote wakiwa wamesimama barazani, pamoja na mchumba na shangazi zake, baba alikwenda kuligeuza gari. Akalizungusha uani taratibu, akalisimamisha mbele yao, kioo chake kikiwa wazi na rimu za kulia zikitazama watu.

Baba mkwe alizitazama, akainama, akauliza hizi nazo zimekosa nini.

Mama alihisi masikio yanawaka. Angesema rangi iliisha, watu wazima wangeelewa. Badala yake alicheka.

"Muulizeni huyo," alisema, akimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Kila kitu chake ni nusu nusu. Mimi nimeshazoea."

Baraza zima likaangua kicheko. Baba mkwe alicheka mpaka akafuta machozi, akampiga baba begani kupitia dirishani, akamwita Mkwe Upande. Jina likamkaa pale pale. Shangazi mmoja akamtakia Mkwe Upande safari njema, na wengine wakapokezana. Baba alitabasamu, mikono kwenye usukani, bila kumtazama mtu. Binti naye alicheka, kidogo, kwa sababu mchumba wake alikuwa anamtazama.

Njiani mama alijaribu kusifu wali, binti akageukia dirishani. Aibu aliyokuwa akiikimbia sasa ilimkalia kifuani, na haikuwa ya rimu. Alitaka kumwambia mumewe samahani, lakini neno lenyewe lilikataa kutoka, maana lingetoka na mengine. Alimtazama tu kwa pembeni, akaona rangi ya fedha bado imemganda kwenye mikunjo ya vidole.

"Mama," binti aliita kutoka nyuma.

"Nini, mwanangu?"

"Nikishaolewa, wakimwita baba lile jina na mimi nimo humo ndani, nicheke tena?"

Mama akageuka, akamtazama mumewe.

"Cheka tu, mwanangu," baba akasema, macho yakiwa barabarani. "Pale ndipo kwako sasa."