Kasi ya Mwanahija

Mwanahija alikuwa akichapa barua za watu kwenye steshenari ya Gregori, Kilwa Masoko. Tangu kompyuta iwekewe mfumo mpya wa Linux, ilijikokota mno.

"Bosi, prosesa, ule ubongo wa kompyuta, imekwama kwenye kasi ya chini kabisa," alisema. "Nipe saa moja niirekebishe."

"Vilivyokwama ni vidole vyako," Gregori alimjibu mbele ya wateja, nao wakacheka. Siku hiyohiyo alimfukuza.

Wiki iliyofuata fundi aliandika amri moja tu, kompyuta ikachangamka. Akamweleza Gregori kwamba kweli tatizo lilikuwa prosesa. Gregori akamkalisha mpwa wake Lightness kwenye kiti cha Mwanahija, naye akachapa barua haraka.

"Mnaona mtu anayejua kazi?" aliwaambia wateja.

Mwanahija alikuwa mlangoni, amekuja kuomba arudishwe. Aligeuka bila kupiga hodi.