Mlango wa Darasa la Nne

Jengo jipya la shule yetu, ng'ambo ya mto Mahanadi, lina milango kumi inayofanana kama punje za mchele. Mimi ndiye mpishi, na mlango wa jiko langu unatazama yote, kwa hiyo haya sikuhadithiwa, niliyaona. Mzee Banamali, mchoraji wa mabango, ndiye aliyeandika jina la chumba juu ya kila mlango. Herufi za kijani juu ya bluu, kivuli chekundu, maua pembeni, rangi inang'aa, na zote juu kabisa karibu na dari. Alisifiwa mpaka akavimba kichwa.

Jumatatu nilimkuta Jhunu, msichana wa darasa la nne, ndani ya stoo, amekaa juu ya gunia la mchele, kitabu kimefunguliwa, anamsubiri mwalimu. Mtoto huyu haoni vizuri, husoma ukurasa ukiwa umegusa pua.

"Leo wenzangu wamechelewa, shangazi?"

Nilimwonea huruma. Nilikasirika pia, ila sikujua nimkasirikie nani.

Ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza aliingia choo cha wavulana, nao walimcheka wiki nzima. Sasa baba yake akasema akipotea tena, atampeleka bweni la wasioona huko mjini, saa sita kwa basi. Jhunu hakutaka kabisa.

"Mimi naona," alisema. "Naona karibu tu."

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, Bi Minati, naye akamwita Banamali. Mwalimu alitaka herufi nene nyeusi juu ya manjano, rangi isiyong'aa, usawa wa macho ya mtoto.

"Rangi sina neno, mwalimu, ingawa itakuwa kama teksi. Ila chini siandiki."

"Kwa nini?"

"Herufi ni Saraswati mwenyewe, mungu wetu wa elimu. Nimweke mahali watoto watamwegemezea makalio na kumpangusia makamasi?"

"Huko juu anasomwa na mijusi, mzee," nikadakia.

"Wewe koroga dengu!"

Bi Minati hakucheka. "Mlango mmoja tu, mjomba. Wa darasa la nne. Wakiuchafua, utafuta maandishi yako."

Aliandika akinung'unika. Alhamisi asubuhi, rangi ikiwa imekauka, alikuja mapema akasimama karibu na jiko, kitambaa cha kufutia na kopo la mafuta ya taa mkononi, akingojea wa kwanza kuchafua. Baba yake Jhunu naye alibaki getini ameshika baiskeli. Alimwacha mtoto aende peke yake.

Jhunu alitembea mkono ukipapasa ukuta. Mlango wa kwanza akapita, wa pili akapita. Penye manjano akasimama, akasogea mpaka pua ikagusa ubao, midomo ikicheza. Alipomaliza kusoma, aligusa herufi kwa vidole, akavipeleka kwenye paji la uso, kama watoto wetu wote wafanyavyo kwa heshima kitabu kikiwaponyoka. Kisha akauinamia ubao, akaweka paji lenyewe juu yake, akatulia kidogo.

Akaingia darasani. Nikasikia wenzake wakigombania nani akae naye.

Baba yake alipanda baiskeli akaenda kazini. Banamali alikuwa bado ameshika kile kitambaa, kikavu.

"Imebaki milango mingapi?" aliniuliza, bila kunitazama.

Ilikuwa tisa, na alijua vizuri, maana aliiandika yeye.