Simu ya Donatus

Maandazi yaliisha saa tatu asubuhi, na Violeth akawa anasugua karai kwa majivu, jicho moja liko kwenye simu iliyolala juu ya ndoo. Hiyo ni siku ya sita anailinda kama mtoto mchanga. Ilikuwa simu ya mumewe, Donatus, ambaye saa hizo alikuwa chini ya ardhi, akichimba dhahabu kwenye duara, yaani shimo, la mtu aitwaye Valerian. Simu haishuki duarani. Kule mtandao hakuna, na ikidondoka ndiyo basi tena.

Kilichokuwa kinangojwa ni wito wa ofisi ya rashi. Rashi, yaani dhahabu mpya inayokimbiliwa na wachimbaji, ilikuwa imeonekana nje kidogo ya Kharumwa, watu wakajiandikisha, na Donatus alikuwa kwenye orodha ya watakaogawiwa shimo la kwao wenyewe. "Mtapigiwa ndani ya wiki hii," waliambiwa. Siku gani, saa ngapi, hakuna aliyesema. Violeth aliomba waandike namba yake yeye, anayeshinda juu, wakakataa: lazima namba iwe na jina la mwombaji. Basi akawa anakwenda nayo hadi chooni. Alikuwa na sababu. Kwa Valerian, miti inayoshikilia kuta za duara imeoza, na mwezi uliopita udongo ulimfukia mwenzao Marselino hadi kiunoni. Donatus akipata shimo lake, miti atachagua mwenyewe.

Karibu na saa nne jirani yake Nyamizi aliingia na kikombe cha chai.

"Mama Juliana, leo tutajua yule mwanamke anarudi kwa mumewe au harudi?"

"Viko vipande viwili. Nimevishusha jana."

Tamthilia yao waliifuata hivyo. Bando la mchana limepanda bei hadi watu wamechoka kulalamika, kwa hiyo Violeth alisubiri lile la usiku, la bei nafuu, akapakua vipande viwili viwili. Alipakua kwenye simu ya Donatus, maana ya kwake ni kitochi tu.

Waliiegemeza kwenye kopo la sukari. Dakika tano hazijaisha, kampuni ya simu ikapiga kutangaza bahati nasibu, picha ikakatika. Ukaja ujumbe wa tapeli asiyejulikana, anataka ile hela itumwe kwenye namba hii hii. Na chaji ilibaki asilimia kumi na tisa, umeme umekatika tangu jana yake.

"Si uiweke kwenye alama ya ndege, isipigike," Nyamizi akasema. "Hata chaji itakaa."

"Na wale wa rashi?"

"Leo Jumamosi, mayu. Ofisi gani umeiona imefunguliwa Jumamosi?"

Violeth akacheka. Kweli, hakuwahi kuiona. Akabonyeza. Na tuseme ukweli, saa nzima ile alikuwa na raha. Alinyoosha miguu kwenye mkeka, akamtukana yule mume wa kwenye tamthilia, akalia kidogo, akapangusa machozi kwa kanga.

Alipoirudisha simu hewani, ujumbe ukaingia. Mwombaji amepigiwa mara tatu, saa 4:20, 4:25 na 4:30. Hakupatikana. Nafasi amepewa anayefuata.

Alikwenda ofisini mbio, majivu bado yako mikononi. Alimkuta karani, mzee Edson, peke yake.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Mmempigia mume wangu. Yuko duarani, simu ninayo mimi."

"Haikupatikana."

"Lakini baba, saa nne wachimbaji wote si wako chini?"

"Mfumo ndivyo ulivyo, mama. Mara tatu, basi. Jina likishaondoka mimi sina uwezo wa kulirudisha."

Hakusema kwa ubaya. Waya ulikuwa kwenye sikio lake moja, na mbele yake simu imeegemea rejista. Kwenye kioo Violeth alimwona yule mwanamke wa tamthilia yao, kwenye kipande ambacho wao hawajakifikia. Intaneti ya ofisi haimlazimu mtu kusubiri usiku. Akaaga.

Njia nzima alijilaani. Siku tano kaweza, ya sita ilimshinda nini? Akajitungia uongo: chaji iliisha. Uongo mzuri, tena nusu yake kweli.

Jioni Donatus akarudi, kope zote vumbi.

"Wamepiga?"

"Wamepiga," Violeth akasema, na ule uongo ukamkimbia. "Nilikuwa nimeiweka kwenye ndege, naangalia tamthilia na Nyamizi. Wamempa mtu mwingine."

Donatus alikaa juu ya ndoo. Akavua buti moja, akabaki amelishika.

"Wamepiga Jumamosi?"

"Jumamosi. Nisamehe, Baba Juliana."

"Si ulitaka waandike namba yako?"

"Walikataa."

Donatus alivua buti la pili, akakung'uta udongo, akauliza kama maji ya kuoga yapo. Alitaka kulala mapema. Kuna mti umepasuka leo, na Valerian kasema kesho washuke alfajiri, watoe mawe yenye dhahabu kabla ukuta haujaanguka.