Hesabu ya Maji ya Korlai

Mume wangu Madhukar alifundisha hesabu miaka thelathini na miwili mjini Pune. Daktari alipomwambia kwamba macho yake hayafai tena kuendesha gari, alinuna wiki nzima, kisha akatoa uamuzi: gari liuzwe. Mnunuzi angekuja Jumatatu.

"Na mimi je?" nikamuuliza. Mimi, Vasudha, mwenye miaka sitini na mmoja na leseni ya miezi minne.

"Wewe unaendesha mpaka sokoni. Kwa sokoni kuna bajaji."

Nililitaka lile gari, sitaficha. Tangu mwanetu Chinmay ahamie Bangalore nimekuwa mtu wa kungoja kupelekwa, na kungoja kumenichosha. Basi nikamwambia tupatane. Jumamosi na Jumapili nitampeleka pwani ya Konkan akaone ngome anazonihubiria kila mwaka. Nikiturudisha nyumbani salama, mnunuzi aambiwe asije. Akakubali, ila kwa sauti ile anayomkubalia mtoto anayesema akikua atakuwa rubani.

Mvua zilikuwa zimekwisha na mpunga umeiva njano pande zote. Vijijini watoto walikuwa wanafinyanga ngome zao za udongo mbele ya nyumba, maana sikukuu ya Diwali ilikuwa karibu. Mimi niliyaona hayo kwa jicho moja tu, la pili likiwa barabarani, na masikio yote mawili yakiwa kwa Madhukar.

"Shimo! Shimo kushoto! Mama Chinmay, ng'ombe huyo!"

"Namwona."

"Na yeye anakuona?"

Mjini Alibag tulisimama tukala poha, ule mchele wa kupondwa, tukaitazama ngome iliyo katikati ya maji, kisha tukashika njia ya Korlai. Saa sita mchana tulikuwa chini ya kilima. Juu kuna ngome ya Wareno, chini kuna kijiji cha wavuvi, na baina yao kijia cha mawe. Nilitaka kuegesha kando ya barabara, mbali na maji. Madhukar akasema magoti yake hayawezi mwendo wote huo, nilishushe gari mchangani ufukweni, pale kijia kinapoanzia.

"Maji yakija?"

Akatoa kalenda yake ya mwezi mwandamo. Watu wa pwani ile wana hesabu yao: unachukua siku ya mwezi, unaikata mafungu manne, unashika matatu, unapata saa ya maji. Yeye alifundishwa na mjomba wake utotoni, na hajaacha kujivunia.

"Leo ni siku ya nne tangu mwezi mpevu. Inatoka tatu: saa tatu baada ya adhuhuri, yaani saa tisa alasiri. Maji yanapwa mpaka saa tisa. Tuna saa tatu nzima za kupanda na kushuka."

"Una hakika?"

"Unanifundisha hesabu? Lete ufunguo."

Nikampa. Miaka thelathini na sita ya kumpisha mtu haifutiki kwa leseni ya miezi minne. Akakaa kwenye usukani, akiwa amebana macho kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, akaliingiza gari mchangani hatua ishirini.

Kule juu nilifurahi, kusema kweli. Kulikuwa na upepo, majani makavu ya rangi ya dhahabu, na mizinga iliyoota kutu. Madhukar alinionyesha walipoingilia Wareno na walipotokea Wamarathi, akapigana vita vyote viwili mwenyewe kwa mikono. Nilikuwa nacheka. Kisha nikatazama chini.

"Baba Chinmay, maji yanapwa kwenda upande gani?"

"Kwani yanafanyaje?" Masikini, hakuwa anaona mbali kiasi hicho.

"Yanaosha gari."

Jinsi tulivyoshuka kilima kile, magoti hayakutajwa tena. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika samaki, Yamunabai, alikuwa ameshaita jirani zake, nao walikuwa wamesimama ndani ya maji ya kifundoni wakilitazama gari letu kama mgeni asiyealikwa.

"Nani kaegesha hapa?" akauliza.

Madhukar, suruali imelowa mpaka magotini, akamweleza hesabu yake fungu kwa fungu. Yamunabai akashika kiuno kwa kicheko.

"Baba, saa hiyo si ya kupwa, ni ya kujaa! Saa tisa hapa maji pomoni! Mjukuu wangu wa miaka sita anajua. Nyie watu wa Pune mnasoma mpaka mnapitiliza!"

Madhukar aliingia garini, akawasha, akakanyaga mafuta kwa hasira zake zote. Magurudumu yakazama nusu. Wimbi likapiga mlango.

"Baba, shuka," Yamunabai akasema, sasa bila kicheko. "Mama ashike usukani."

Madhukar akanitazama. Nilidhani atakataa, na angekataa, gari lingebaki pale. Akashuka.

Nikapunguza upepo wa magurudumu kama mwalimu wangu wa udereva alivyonionyesha. Wale jirani wakaleta mbao za vichanja vya samaki, wakazisukumia chini ya matairi. Nikaweka gia ya pili. Huko nyuma Madhukar akaanza:

"Kanyaga! Kanyaga, Mama Chinmay! Kanyaga sana!"

"Nyamaza!" nikamwambia, mbele ya kijiji kizima.

Akanyamaza. Nikakanyaga kidogo, kidogo tena. Mbao zikalia, watu wakasukuma, gari likapanda barabarani likichuruzika maji.

Usiku ule tulilala Murud, tukala nguru wa kukaanga. Asubuhi tukavuka kwa mashua kwenda ngome ya Janjira, naye akasifia kuta zake kama kawaida. Lakini juu ya gari hakusema kitu, wala juu ya Jumatatu. Niliona wazi kwamba kwa lile neno moja nimemvunjia heshima mbele za watu, na gari nimelikosa.

Alasiri tukaanza kupanda mlima wa Tamhini kurudi nyumbani. Nikajikaza nikauliza:

"Baba Chinmay, yule mnunuzi. Aje au asije?"

Kimya. Nikapita kona ya kwanza, nikapita ya pili. Lori likatokea mbele ghafla, likatupita kwa upenyo mdogo, wala sikusikia neno. Nikamtupia jicho.

Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi, anakoroma. Miaka yote ya ndoa yetu sijamwona mtu huyu akifumba macho ndani ya chombo kinachokwenda. Kwenye basi hukaa nyuma ya dereva amchunge, kwenye treni hukesha akihesabu vituo. Machozi yakanitoka, nikayafuta upesi kwa pindo la sari, maana barabara iliyahitaji macho yangu.

Sikumwamsha anijibu. Nikaishika kona iliyofuata taratibu, huku nikiwaza Jumatatu niende wapi na gari langu.