Godoro la Rozi

Bibi Enesi alikuwa na siri moja tu pale Tunduma, na aliilinda kuliko maofisa wa forodha wanavyoulinda mpaka wa Nakonde. Mjukuu wake Rozi, wa miaka tisa, alikuwa bado anakojoa kitandani. Godoro lilianikwa uani, nyuma ya choo, na jirani akichungulia, bibi alimsingizia paka. Nyumba ile haikuwa na paka.

Msidhani alimsema mtoto. Alimpenda mno. Tangu ahamie kwa mwanawe kutoka Mbozi walilala chumba kimoja, wakipiga soga mpaka usingizi uwachukue. Ila hospitali hakutaka hata kuisikia.

"Mambo ya chumbani hayapelekwi kwa wageni," alimwambia mkwewe, Priska.

"Mama, mficha uchi hazai," Priska akajibu. "Watoto wa kanisani wanakwenda kambi Vwawa mwezi wa sita. Watalala bwenini. Rozi anataka kwenda, lakini anaogopa kuchekwa. Jana amelia mpaka kwikwi ikamshika."

Hapo bibi akanywea. Siku ya kliniki alijifunga kitenge chake cha Krismasi, akaenda nao kwa daktari bingwa wa watoto. Si kwamba alikubali. Alikwenda kuhakikisha hakuna anayesema kupita kiasi.

Daktari Alinanuswe alikuwa mama kijana, mcheshi, na aliwaacha wakubwa wakae na adabu zao, akaanza na Rozi.

"Si uvivu huo, wala si kosa lako," alimwambia. "Kibofu kikijaa, usingizi wako haujajifunza kukuamsha. Watoto wengi wako hivyo, tena hata shuleni kwenu wamo."

Akampima mkojo, akambonyeza tumbo, akauliza kama anapata choo vizuri. Kisha akauliza, "Baada ya chakula cha jioni unakunywa nini?"

"Kahawa," Rozi akajibu bila wasiwasi. "Vikombe viwili. Bibi ananitilia na sukari."

Priska akageuka polepole. Bibi Enesi akaanza kuikagua dari. Kahawa ilitoka shambani kwake Mbozi, aliikaanga na kuitwanga kwa mkono wake, na soga bila kahawa aliona si soga.

"Ni ya kumtia joto," alisema. "Tunduma kuna baridi. Na maji nimemkataza tangu mchana, ili asijae."

"Kwa hiyo mchana unamnyima, jioni unamjaza," daktari akasema, akicheka.

Bibi aliona aibu, tena aibu ya kweli. Miaka yote alimtafuta adui nje, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

"Lakini kahawa peke yake si mchawi, bibi," daktari akaendelea. "Wapo wanaokojoa na hawajawahi kuionja. Ila inachochea. Tuiache. Mchana anywe maji ya kutosha, jioni kidogo, na aende chooni kabla ya kulala. Mkirudi bila nafuu, kuna kengele inayolia nguo ikilowa, na dawa pia zipo. Na wewe Rozi, ukienda kambini, mwambie mwalimu wako mapema."

"Na mwalimu naye ajue?" bibi akanung'unika.

Nyumbani aliacha kahawa ya jioni pamoja na mjukuu wake, asije akamtamanisha. Kwa wiki nzima alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Godoro likaanza kuamka kavu. Si kila siku, lakini mara nyingi. Rozi akaenda kambini.

Siku ya kurudi wazazi walijaa kwenye uwanja wa kanisa. Rozi alishuka garini akicheka.

"Bibi, nimekojoa mara moja tu. Mwalimu alinisaidia kufua," alisema, na sauti yake haikuwa ndogo.

Bibi alitamani ardhi ipasuke. Mtoto akamvuta, akamnong'oneza sikioni, "Nesta pia. Alikuwa anajificha analia."

Pembeni mama yake Nesta alikuwa amekumbatia godoro lililokunjwa, macho chini. Bibi aliyajua macho yale, aliyavaa miaka. Akatazama huku na huku. Watu walikuwa tele, wote wana masikio.

Akaenda, akashika ncha ya godoro lile.

"Hata huyu wangu anakojoa," alisema, akipaza sauti kama anayeuza nyanya. "Tuna daktari wetu, mzuri sana. Jumatatu nikupitie saa ngapi?"